Naomba ushauri: "kuajiriwa upya", "kurejeshwa kazini" au "kubakizwa"?

Karani wa Pwani ameandika:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni karani wa ofisi ya utumishi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kila masika wageni huadimika, na baadhi ya wafanyakazi hupumzishwa Aprili na Mei, kisha huitwa Juni. Safari hii uongozi umenikabidhi barua mbili za Kiingereza nizitafsiri: moja ni ya kuwaita waliopumzishwa, nyingine ni ya kuwaahidi wapishi na mafundi kwamba wao hawatapumzishwa. Katika ile ya kwanza nimeandika "unaajiriwa upya". Katika ya pili kuna neno "retained"; nilifuata kamusi, nikaandika "umezuiliwa kazini", na mpishi mmoja aliyeiona rasimu akaniuliza kosa lake ni lipi. Naomba mnisaidie kupata maneno yaliyo salama.

Mzee wa Darajani amejibu:
Waalaykum salaam. "Kuzuiliwa" liondoe leo hii, kwa sababu anayezuiliwa kwetu yuko kituoni anasubiri dhamana. "Kubakizwa" halina kosa la sarufi, na katika ripoti za maofisini utalikuta, lakini mtu akiandikiwa yeye binafsi huweza kujiona kama wali uliosalia chunguni. Mwandikie tu kwamba ajira yake inaendelea msimu wote wa masika. Ukihitaji jina la mpango wenyewe kwa ajili ya uongozi, sema "kudumisha wafanyakazi".

Msoma Sheria amejibu:
Naongezea kuhusu barua ya kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 40, inatenganisha mambo mawili kwa mtu aliyeachishwa isivyo halali: kurejeshwa kazini, ambako anahesabiwa kuwa hakuwahi kuondoka na hapotezi malipo ya kipindi alichokuwa nje, na kuajiriwa tena, ambako anarudi kwa masharti yatakayoamuliwa na mwamuzi au Mahakama. Kwa hiyo maneno haya mawili hayabadilishani nafasi.

Bi Mkunazini amejibu:
Ahsante, ndugu, ila sheria uliyoitaja ni ya Tanzania Bara. Ajira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, ambayo ndiyo karani wetu anapaswa kuifungua. Hata hivyo tofauti uliyoieleza inafaa, na sisi huku tunaijua tangu zamani kwa njia nyingine. Mume akimrejea mke wa talaka rejea ndani ya eda, ndoa ni ile ile. Eda ikishapita, hapana budi ifungwe nikahi mpya kwa mahari mapya. "Kurejeshwa" ni kule kwanza, "kuajiriwa upya" ni huku kwa pili. (Wanaume msichukue mfano huu mkautumia nyumbani.) Sasa karani atuambie: hao waliopumzishwa, mikataba yao ilivunjwa?

Karani wa Pwani ameandika:
Haikuvunjwa, bibi. Walipewa barua ya kupumzika bila mshahara na vitambulisho vyao wanavyo.

Bi Mkunazini amejibu:
Basi neno "upya" ni la hatari, kwa maana linafungua mlango wa mtu kudai kwamba miaka yao ya nyuma imefutika, na siku ya kuhesabu kiinua mgongo mtakuja kugombana. Hata "kurejeshwa" limezidi, kwa sababu hawakuachishwa.

Mhudumu wa Zamani amejibu:
Nimefanya kazi ya vyumba hoteli mbili, na kila Juni tulikuwa tunaambizana "tumeitwa", wala hapana aliyesema ameajiriwa. Nashauri pia kila barua itaje tarehe ambayo mtu aliajiriwa mara ya kwanza, kwa kuwa wengi wetu barua za mwanzo zilishaliwa na mchwa.

Karani wa Pwani ameandika:
Nawashukuru nyote. Nimeandika hivi: "Unaitwa kuendelea na kazi yako kuanzia tarehe 1 Juni, kwa masharti yale yale ya mkataba wako, na utumishi wako unahesabiwa tangu tarehe uliyoajiriwa mara ya kwanza, iliyotajwa hapo juu." Ya wapishi inasema: "Ajira yako itaendelea bila kusimama katika miezi ya Aprili na Mei." Mpishi wangu ameisoma, akauliza tu kama mshahara nao hautasimama, nami nimeongeza mstari huo.