Msimu ukiharibika, wizi kijijini kwenu unakuwaje? Watu wa kusini tupeane uzoefu

Mti wa Korosho (mwanzisha mada):
Wakuu, salaam. Kila siku watu wanabishana kama ugumu wa maisha ndio unaozalisha wezi. Sisi tuliouona tuseme. Naanza mwenyewe.

Msimu wa korosho wa 2018/19 nilikuwa Tandahimba. Mnakumbuka: Oktoba wakulima waligomea bei za mnadani, Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kusomba. Bei nzuri, ila malipo yalichelewa, wengine tukavuka mwaka na stakabadhi mfukoni. Dukani kote unadaiwa.

Februari, asubuhi, nakuta mistari miwili ya mihogo yangu imenyauka majani. Nikashika shina, likang'oka lenyewe. Mtu kachimba mihogo yote, kisha kayachomeka mashina palepale na kusawazisha udongo kwa viganja ili nisigundue mapema. Viganja vidogo. Nilisimama pale muda mrefu. Kwa mtendaji sikwenda, na hadi leo sijui kama nilikosea. Kijijini kwetu baiskeli zilikuwa zinaibwa, korosho zinaibwa, lakini chakula shambani sikuwahi kuona.

Na kwenu? Tusimulie yaliyotukuta wenyewe.

Mama Wawili, Newala:
Yangu mimi ni kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa bakuli badala ya mizani. Mwanangu aliingia kidato cha kwanza Januari, sina hata ya sare, nikachukua pesa kwa mtu nije kumlipa korosho. Oktoba zilipoanza kudondoka alikuja usiku na bakuli lake, hakuna cha mizani. Akapima, akapima, nikabaki na kigunia kimoja. Najua ni kosa kisheria, ndiyo maana sikuweza kumshtaki. Ningeanzia wapi, na mimi ndiye muuzaji?

Boda wa Masasi:
Hali ikibana abiria wanapungua, wanaobaki unawaogopa. Kijiweni kwetu tulikubaliana: ikipita saa nne usiku, hakuna kubeba wanaume wawili kwa mpigo.

Mzee wa Ruangwa:
Napingana nanyi kidogo, wanangu. Mimi nimeibiwa msimu wa 2017/18, kilo imepita shilingi 4,000, kila nyumba inapaua bati jipya. Walibeba sola, godoro na pesa ya mauzo iliyokuwa ndani ya godoro hilohilo. Hiyo siyo njaa.

Mti wa Korosho:
Shikamoo mzee. Nakubali, na hata kwetu mwaka ule walipita. Ila wale walikuja na pikipiki kutoka mbali, ndiyo kazi yao, wanafuata pesa ilipo. Huyu wa mihogo alikuwa wa humuhumu, pengine ananiamkia kila asubuhi. Kwa yule wa kwanza unanunua kufuli. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu kabla ya msimu ule hakuwa mwizi.

Kijana wa Kitangari:
Nimesoma hii mara mbili ndipo nikaandika. Shamba lako silijui, mkuu, lakini kuchomeka mashina nakujua. Nilikuwa na miaka 14, nyumbani tulikuwa watano na baba yuko kibarua mbali. Nilienda mara tatu, shamba la mzee mmoja jirani. Mama alikuwa anaipokea ile mihogo, anaimenya, anabandika sufuria. Hakuniuliza hata siku moja nimeitoa wapi, na mihogo sisi hatukuwa tumepanda.