Naomba ushauri: ulinzi wa timu inayoyumba unapimwaje?

Habari zenu wakuu. Narudia kutazama mechi za Tottenham za 2024/25, msimu waliomaliza nafasi ya 17 na bado wakabeba Europa League kwa kuifunga Manchester United 1-0 kule Bilbao. Kwenye ligi walifungwa mabao 65, wao wakafunga 64. Hiyo 65 inaniambia nini hasa? Mabeki wa kati Romero na Van de Ven waliumia kwa muda mrefu, hadi Archie Gray, kinda wa kiungo, akapangwa beki wa kati.

Kinachonisumbua ni hiki: mpira unapotea katikati, mabeki wa pembeni wote wamepanda, wawili waliobaki wanakimbia kuelekea lango lao. Anayetukanwa ni beki aliyepigwa chenga mwisho! Idadi ya mipira aliyopokonya haisaidii, maana beki anayejipanga vizuri wala halazimiki kujirusha chini.

Nimeanza kuandika mpira ulipotea wapi na zilipita sekunde ngapi hadi shuti. Niongeze nini? Mabao ya kona niyaweke kando? Na kosa la kiungo asiyerudi kukaba mnalihesabuje? Natumia simu tu, kompyuta sina.