Kuimarisha sumaku za unga na epoksi kwa joto: hewa ya kawaida, naitrojeni au ombwe?

Mchundo: Wanajukwaa, natengeneza pete za mota kwa kukandamiza unga wa neodimiamu, chuma na boroni uliochanganywa na epoksi, yaani gundi inayogeuka ngumu ikipashwa joto, ambayo ni asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito. Zikitoka kwenye kalibu, kingo zake humeguka kwa vidole. Naelewa kwamba epoksi huiva katika nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi. Je, ni mazingira gani ya oveni yanayofaa zaidi?

Tanuri: Hewa ya kawaida ndiyo njia rahisi, na kwa vipande vinene huenda ikatosha. Pete nyembamba ni jambo jingine, kwa sababu uso wake ni mkubwa ukilinganishwa na ujazo wake, na oksijeni hupenya kupitia vitundu vilivyobaki kati ya chembe na kuula unga wenyewe. Utapata pete ngumu iliyopoteza sehemu ya usumaku wake, na hasara hiyo hairudi hata ukiisumakisha upya. Mimi ningechagua naitrojeni bila kusita.

Fundi Mota: Ombwe nalo huondoa oksijeni, lakini joto husafiri humo hasa kwa mnururisho, bila hewa ya kulibeba, hivyo pete za katikati ya trei huchelewa kupata moto na kuiva nusunusu huku za pembeni zikiwa tayari. Naitrojeni inayozungushwa kwa feni hulisawazisha joto. Aidha, ushauri huu usihamishiwe kwenye sumaku ambazo unga wake hushikwa kwa nailoni badala ya epoksi: nailoni 12, aina mojawapo ya nailoni, huyeyuka karibu na nyuzi 178, haiivi kama epoksi.

Mchundo: Nashukuru sana. Je, nikipandisha joto haraka nitaokoa muda?

Tanuri: Tafadhali usifanye hivyo. Kabla ya kushika, epoksi hulainika kwanza na kuenea kati ya chembe, na hapo ndipo nguvu ya pete inapojengwa. Ukiharakisha, gesi zilizonaswa ndani hutanuka na kuacha nyufa. Panda polepole, ziache pete ziive, kisha zipoe humohumo ndani ya naitrojeni kabla hujafungua mlango. Zisumakishe baada ya hapo, kisha pima mambo mawili kwa pete zilezile: mtiririko wa sumaku kwanza, halafu nguvu inayohitajika kuvunja kila pete kwa kuibana ubavuni.