Papi (mtoto wa mbwa) akitoka nje hakojoi, akirudi ndani anakojoa papo hapo. Nakosea wapi?

Swali

Habari zenu wadau, naombeni msaada wenu kwa kweli. Nina papi jike wa wiki 9, leo ni siku ya 12 yupo nyumbani. Mchangamfu, anakula vizuri, shida ni choo tu. Namtoa nje tunakaa hata dakika 20, anakimbiza majani, ananusa kila kitu, anang'ata kamba za viatu vyangu, kukojoa hakojoi. Tukiingia ndani, hata mlango sijafunga, anachuchumaa kwenye zulia anamwaga wote. Nikawa namkaripia, na juzi nilimshika nikamsogeza pua kwenye mkojo maana kuna mtu aliniambia ndo dawa. Sasa kilichofuata ndicho kinaniumiza, mbele yangu hakojoi tena kabisa, anaenda nyuma ya kochi. Jana nimevuta kochi nideki nikakuta vidimbwi vitatu na kinyesi kilichokauka. Nikimwita anakuja amejikunja, masikio nyuma, mkia kaufyata. Si ina maana anajua kosa lake ila anafanya makusudi? Mwingine ananiambia nitandike magazeti, mwingine nimlaze nje mpaka azoee. Nampenda sana huyu mbwa ila nadeki mara sita kwa siku na nina mtoto anayetambaa.

Jibu

Pole sana ndugu, ila toa kabisa hilo la makusudi kichwani. Wiki 9 ni mtoto mchanga. Pale anapojikunja hajutii kosa, anakuogopa wewe, ameona sura yako imebadilika basi. Alichojifunza yeye siyo kwamba zulia ni kosa, amejifunza kwamba kukojoa huku binadamu anaangalia ni hatari. Ndo maana anaenda nyuma ya kochi, na ndo maana hata nje hakojoi ukiwa umesimama naye, anasubiri apate mahali usipomwona. Yani ukaripiaji wako umeharibu ndani na nje kwa pamoja.

Kuanzia leo hakuna kufoka. Ukikuta mkojo wa zamani futa tu ukae kimya, hawezi kuunganisha hasira yako na kitu alichofanya dakika kumi zilizopita. Ukimkuta katikati, mbebe taratibu umpeleke nje akamalizie. Akikojoa nje mpe kitu kitamu pale pale, ndani ya sekunde mbili tatu, usisubiri mpaka mrudi jikoni maana atadhani anazawadiwa kwa kuingia ndani. Na mwache amalize kwanza! Ukianza kushangilia mapema anakata mkojo katikati anakukimbilia, halafu ule uliobaki anaumalizia kwenye zulia lako.

Jibu

Naongezea hapo kwa mdau. Hizo dakika 20 zako ni za michezo, siyo za choo. Mvalishe kamba, mpeleke sehemu ile ile kila siku, simama kama nguzo usimwongeleshe. Dakika 5 mpaka 10 zinatosha. Akikojoa ndo umwachie acheze, mchezo uwe sehemu ya zawadi. Asipokojoa rudini ndani ila USIMWACHIE, mpakate au funga kamba kiunoni kwako, baada ya dakika 10 mnatoka tena, hata kama ni mara nne mfululizo.

Muda wa kumtoa ni akiamka tu (hata kausingizi ka mchana), akimaliza kula, akimaliza kucheza, na hapo katikati kila saa moja. Kadirio la wengi ni umri wake kwa miezi ujumlishe moja, ndo masaa anayoweza kubana, kwahiyo wako hawezi kuzidi masaa matatu na hapo ni akiwa amelala. Misuli ya kubana mkojo inakuja kukaa sawa kama miezi 4 hivi. Mwangalie pia, akiacha mchezo ghafla akaanza kunusa sakafu anazunguka zunguka, una sekunde chache sana.

Jibu

Kuhusu magazeti mimi sikushauri kama una mlango wa kutokea nje. Utamfundisha kukojoa ndani, halafu uje umfundishe tena kuacha. Kumlaza nje ndo usithubutu, umri huo anahitaji joto na watu, na huko nje hakuna atakachojifunza kuhusu ndani.

Usiku tumia kizimba karibu na kitanda chako, kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala basi, kikiwa kikubwa atafanya kona moja choo. Akilia usiku mtoe bila taa nyingi wala michezo, akojoe mrudi mlale. Na hilo zulia lisafishe na dawa yenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo, sabuni peke yake inaondoa harufu kwako siyo kwake. Usitumie dawa yenye amonia, kwake inanukia kama mkojo.

Jibu

Samahani wakuu, kwa anayekaa ghorofa ya juu magazeti au pedi zinasaidia mpaka amalize chanjo, mimi nilifanya hivyo, nikawa nazisogeza kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Ila ilichukua muda mrefu kweli. Dada, kitu kingine, ukiona anakojoa vitone vitone kila baada ya dakika chache, au mkojo una damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hayo yanaweza kuwa maambukizi na mafunzo hayatasaidia.

Mwenye swali

Asanteni sana jamani, lile la kwamba ananiogopa mimi lilinitoa machozi. Mkojo wake ni wa kawaida, nimechunguza. Leo siku ya tano sijamfokea. Siku mbili za kwanza hakuna kitu, nikawa namgeuzia mgongo kidogo nikiwa nimeshika kamba, maana niliona nikimtazama anakaa chini. Leo alfajiri giza bado, nimesimama nimenyamaza, nikasikia kamba imelegea, kugeuka namwona amechuchumaa huku ananiangalia usoni kama anauliza. Sikupumua mpaka akamaliza. Nilivyompa zawadi yake mkia ukaanza kutikisika mpaka kiuno kizima kinayumba. Mchana kakojoa kwenye zulia mara moja, nilichelewa mimi, nilikuwa namwogesha mtoto. Nyuma ya kochi kukavu toka juzi.