Naomba ushauri: kazi zangu za kuprogramu nizionyesheje kwa mwajiri?

Habari zenu wakuu. Nina diploma ya uhasibu, ila kuprogramu nimejifunza mwenyewe: Python na Django, kisha Flutter kwa programu za simu. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni mfumo wa VICOBA ya mtaani kwetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Unatunza hisa, mikopo na faini, na mwenye simu ya kitochi anaangalia salio lake kwa USSD, yaani kwa kupiga namba za nyota na reli bila intaneti. Mama zetu wanautumia kweli, na mabishano ya daftari yamepungua sana.

Shida ni kwamba kikundi hakitaki mfumo uwekwe wazi GitHub, tovuti ambako waprogramu huweka na kuonyesha kazi zao. Je, nitengeneze toleo jingine lenye taarifa za kubuni, au video fupi inatosha? Na uhasibu niutangulize kwenye CV? Mliowahi kuajiri, mnatazama nini kwanza?