Eclipse mpya imegoma kufunguka na plagini sizioni, projekti yangu bado iko Java 8

nyegezi_dev
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama toka jana. Miaka yote natumia Eclipse (programu ya kuandikia kodi) ya 2020-06 haijawahi kunisumbua, juzi plagini (nyongeza ya Eclipse) ninayoandikia Python ikawa inadai Eclipse mpya zaidi, basi nikajikaza nikashusha 2023-06, karibu MB 300 za bando, nikafungua zipu kwenye folda yake. Mara ya kwanza iliwaka vizuri ila plagini zangu hakuna hata moja. Nikaifunga, nikaingia eclipse.ini (faili la mipangilio ya kuiwasha) nikafuta mistari ya -vm (inayoonyesha itumie Java ipi) iliyokuwepo nikabandika yangu ya zamani inayoelekea JDK 11 (pakeji ya Java ya watengeneza programu), maana ndo niliyoizoea. Sasa haifunguki kabisa, kinakuja kiboksi kinasema JVM (injini ya Java) 11 haifai inatakiwa 17 kwenda juu. Wasiwasi wangu mkubwa ni huu, projekti ya mteja ni Java 8 na seva yake ni Java 8, nikiweka 17 si nitamuharibia kazi?

MkongweJava
Pole sana kaka, hujaharibu kitu. Watu wengi wanachanganya hapa: Java inayoiwasha Eclipse ni kitu kimoja, na Java inayokompaili (kugeuza iwe programu) kodi yako ni kitu kingine, hazilazimiki kufanana. Kuanzia toleo la 2022-09 mpaka hilo lako la 2023-06 Eclipse yenyewe inataka 17 ili iwake, lakini ndani yake utaandika Java 8 kama kawaida. Na hizi pakeji za siku hizi zinakuja na Java yake humohumo, ukiangalia folda ya plugins utaona kitu kinaitwa justj, ile mistari uliyofuta ndo ilikuwa inaelekeza huko. Toa eclipse.ini upya kwenye zipu urudishe. Kama una -Xmx yako (kikomo cha memori) iweke chini ya -vmargs, ila -vm lazima ikae juu ya -vmargs na njia yake iwe mstari unaofuata, sio mstari mmoja, maana chochote kilicho chini ya -vmargs kinapelekwa kwa Java moja kwa moja na Eclipse haikisomi.

Ikishawaka nenda Preferences, Java, Installed JREs, ongeza JDK 8, halafu kwenye projekti chagua hiyohiyo. Tafadhali usiishie kuweka levo 1.8 (yaani Java 8) tu huku maktaba ni za 17. Unaweza kuandika jina.isBlank() (inaangalia kama maandishi ni matupu) editor isikuonyeshe wekundu wowote, ukipeleka kwa mteja inakufa na NoSuchMethodError (erori ya kukosa hiyo amri) kwa sababu isBlank imekuja na Java 11.

dada_kodi
Naongezea upande wa plagini. Zinakaa kwenye folda ya Eclipse yenyewe sio kwenye workspace (folda ya projekti zako), ndo maana folda mpya inakuja tupu. Usikopi kwa mkono ukazitupia folda ya dropins, utakuja kulia, zinategemeana na vesheni zinagongana. Nenda File, Import, Install, From Existing Installation, muonyeshe folda ya zamani atakuletea orodha utiki unazotaka. Na kabla ya yote kopi workspace nzima pembeni nakuomba, kwa sababu Eclipse mpya inabadilisha ile .metadata (folda ya mipangilio ndani ya workspace) na ukitaka kurudi ya zamani inaweza isielewane nayo.

pwani_coder
Mimi na hizi apdeti za kila miezi mitatu siafikiani nazo, zamani toleo kubwa lilikuwa moja kwa mwaka, mwezi wa 6, mpaka Photon ya 2018, ulikuwa unapumua. Kama una kazi ya mteja mkononi usiapdeti katikati, subiri ukabidhi. Ila ukiapdeti kupitia Check for Updates mambo yakaharibika, ingia Help, About, Installation Details, kuna Installation History, unachagua tarehe ya nyuma unabonyeza Revert.

nyegezi_dev
Aisee asanteni sana, MkongweJava Mungu akubariki. Nimerudisha eclipse.ini imewaka hapohapo, nimeweka JDK 8, na kweli ile isBlank nilikuwa nayo sehemu mbili kwenye fomu ya stoo, zimegeuka nyekundu palepale nimebadilisha nikaweka trim().isEmpty(). Plagini zimeingia zote kasoro moja ya zamani sana, hiyo nimeiacha. Dada workspace nimeikopi kwenye flashi. Projekti sasa hivi inakompaili bila erori, kesho asubuhi nampelekea mteja.