Malengelenge ya sehemu za siri yananirudia kila mara, nina miaka 59. Naombeni ushauri

Mama_MjiKasoroBahari

Habari zenu humu ndani. Naandika kwa jina la kujificha kwa sababu jambo hili siwezi kulisema mtaani, na wanangu nao wanaingia humu.

Zamani mume wangu akiwa hai nilitokwa na malengelenge ukeni. Yalipopasuka yakawa vidonda vinavyowaka, kukojoa ukawa mtihani. Hospitali wakasema ni hepesi, kirusi kinachobaki mwilini. Yakawa yanarudi mara mojamoja, kisha yakatulia hata nikasahau. Sasa tangu hedhi ikome, na zaidi tangu nianze kumuuguza dada yangu aliyepooza, hayanipi nafasi. Haya hayajakauka vizuri, mengine yanaanza. Siku hizi yanatokea zaidi tako la kulia, vipele vidogo vya maji vimekaa kichala, na kabla havijatoka nasikia mchomo unashuka mguuni mpaka nyuma ya goti.

Zahanati moja wakaniambia ni mkanda wa jeshi. Nyingine wakanichoma sindano za antibayotiki. Duka la dawa wananiuzia tyubu ya kupaka, sioni tofauti.

Natumia amlodipini ya presha. Je, huu ni ugonjwa uleule? Vidonge vya muda mrefu naviweza kwa umri huu? Nitamwambukiza dada yangu ninayemwogesha? Na kuna mzee mgane ameleta posa, mtu mwema. Nimweleze, au niikatae posa nibaki na heshima yangu?

Kijana_Mzumbe

Shikamoo mama. Pole sana. Dawa sizijui, ila posa usiikatae kwa ajili ya hili.

MtuWaMizizi

Mama hiyo inatoka kabisa. Nina unga, siku saba tu na kirusi chote kinatoka kwa njia ya mkojo. Nitumie ujumbe pembeni.

Mchunguzi255

Samahani, ila kama mume alifariki na yuko peke yake, vidonda vipya kavitoa wapi? Aseme ukweli wote asaidiwe.

Nesi_Mstaafu

Mchunguzi, ukweli ameusema wote. Kirusi cha hepesi kikishaingia hupanda kwenye mishipa ya fahamu, kinajificha kwenye vifundo vya neva karibu na mwisho wa uti wa mgongo. Kinaweza kulala huko miaka na miaka. Mwili ukichoka, ukikosa usingizi, ukipata homa au msongo, kinashuka tena kwa njia ileile. Hahitaji mwanamume mpya ili atokwe na vidonda, na maneno kama yako ndiyo yanayowafanya kina mama wafe na siri zao.

Na wewe wa unga, hakuna dawa inayokitoa kirusi hiki mwilini, iwe ya hospitali au ya mizizi. Mama asipoteze hela.

Sasa dada yangu. Neva zilezile za ukeni ndizo zinazohudumia tako na nyuma ya paja, kwa hiyo hepesi ya sehemu za siri kutokea takoni si ajabu, na kwa wanawake wa umri wetu mara nyingi huitwa mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi kwa kawaida humpata mtu mara moja, unatambaa upande mmoja kama mshipi. Kitu kinachorudi mahali palepale tena na tena, nakifikiria hepesi kwanza. Vipele vikiwa bado vibichi, nenda wachukue majimaji kwa pamba wapime kama maabara yao inaweza. Omba na kipimo cha VVU, kaswende na sukari. Kidonda kitakachokaa zaidi ya mwezi bila kupona, dai kichunguzwe zaidi, kwa umri huu huenda kumbe ni saratani.

Tyubu ya kupaka haisaidii sana kwa hepesi ya huko chini, na antibayotiki haigusi kirusi. Dawa ni vidonge vya asikloviri. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumeza vinapoanza tu, 400 mg mara tatu kwa siku kwa siku 5. Ule mchomo wa mguu ndio kengele yako: anza siku hiyohiyo, kwa hiyo omba cheti mapema uwe na vidonge ndani. Ya pili, kwa anayerudiwa mara sita au zaidi kwa mwaka, ni 400 mg asubuhi na jioni kila siku, kisha baada ya mwaka mnasimamisha mnaangalia hali. Kwa ulivyoeleza, mwulize daktari hii ya pili. Watu wameitumia miaka mingi bila shida. Presha peke yake haikuzuii, lakini figo zipimwe kwanza, zikiwa dhaifu dozi inapunguzwa. Kunywa maji ya kutosha.

Dada yako mwogeshe bila hofu. Hepesi huambukiza ngozi ikigusana na ngozi, haipiti kwenye shuka wala beseni. Ukigusa kidonda, nawa kwa sabuni.

BiKigamboni63

Mwenzangu, mimi nilikuwa hivyohivyo. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni ukavu. Hedhi ikikoma ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba, inachubuka kwa kitu kidogo, na kwangu kila mchubuko ulikuwa unaamsha vidonda. Daktari wa wanawake alinipa krimu ya homoni ya estrojeni ya kuweka ukeni, nikapata nafuu kubwa. Mwulize kama inakufaa. Vidonda vikiwa vimetoka, kojolea ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, mkojo hauchomi. Vaa chupi za pamba, na lala bila chupi.

Kuhusu mzee: mwambie kabla ya ndoa, mchana, mkiwa mmekaa wawili, si chumbani. Mimi nilisema, "Nina ugonjwa wa ngozi unaoweza kukupata, nataka uujue kabla hujanioa." Alinyamaza kidogo, akauliza kama unaua. Nikamwambia hapana. Tuna miaka sasa.

Nesi_Mstaafu

Hapo umesema. Naongeza kwamba kirusi kinaweza kutoka hata ngozi ikiwa safi, hivyo kondomu, na kuacha kabisa tendo tangu mchomo unapoanza mpaka ngozi ifunge. Utafiti wa wanandoa uliochapishwa 2004 ulionyesha kidonge cha valasikloviri, ndugu wa asikloviri, kila siku kinapunguza kumwambukiza mwenza karibu nusu. Na huenda mzee mwenyewe ana kirusi hiki: makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ni zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wa miaka 15 hadi 49, na wengi hawajui. VVU mpime wote wawili.

Mama_MjiKasoroBahari

Mungu awabariki. Mchomo umeanza tena tangu jana jioni, kesho asubuhi naenda kabla havijapasuka. Kipimo cha figo nikiombe kwa jina gani?

Nesi_Mstaafu

Sema kriatinini, ni damu kidogo tu ya mkononi. Na wataje dawa zote unazomeza, hata diklofenaki za magoti kama unatumia, maana nazo zinaelemea figo.